Milima Pacha Ndani ya Jiwe Jeusi

Dada yangu mpendwa,

Kabla sijakuamkia, ujue kwamba barua uliyoishika imetoka kwa mtu mkubwa. Nasema hivyo bila kujisifu, maana kujisifu ni kazi ya watu wasio na sifa. Katika mji huu, ukimwuliza hata kipofu ni nani anayeyapa mawe uso, atakunyooshea kidole upande wa karakana yangu. Jua lenyewe likichomoza huchungulia kwanza dirishani kwangu, likaona kama nimelipita kwa mng'aro, ndipo liendelee na safari zake. Basi, ukishalifahamu hilo, shikamoo dada.

Hujambo lakini? Lile goti limekubali dawa? Na shemeji kikohozi kimemwacha, au bado anakohoa kila unapomtuma dukani? Huku kwetu tu wazima. Wifi yako hajambo, na ulimi wake ndio haujambo zaidi. Binti yako Kimya naye ni mzima, amejaa kidogo mashavuni, na jina lake bado linamstahili. Anaweza kushinda kutwa asiseme zaidi ya "ndiyo Mjomba", "hapana Mjomba" na "Mjomba, unanizibia mwanga."

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, simu wewe unaiweka spika. Nikipiga chafya huku, jirani zako wanasema pole. Hili nililonalo si jambo la spika. Ni la kusoma ukiwa peke yako, tena umeketi. Usishtuke, hakuna aliyekufa wala aliyefukuzwa. Linahusu ile picha ya milima unayoingojea kwa ajili ya ukuta wa sebuleni, na nitalifikia. Mimi nikianza safari hufika, ingawa tangu utotoni wewe husema kwamba hufika kesho yake.

Nianze pale panapoanzia. Uliponiletea Kimya akae hapa akitafuta riziki kwa kamera yake, sharti lako nililisikia vizuri: shule zikifungwa, kama hajapata kazi ya kueleweka, arudi nyumbani akashone nguo kwa shangazi yake. Ulisema mpiga picha za harusi anakula vizuri, lakini huyu wa mawe atakula nini, kwani jiwe halioi, halihitimu, wala halina siku ya kuzaliwa. Wewe ni mwalimu, maneno yako huwa yamepigiwa mstari. Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama, maana jiwe hilohilo lisilooa ndilo linalonilisha mimi.

Ulikuwa hujamwona akifanya kazi. Amechukua chumba kinachotazamana na karakana, meza ameisogeza dirishani, na dirisha amelitundikia shuka jeupe ili mwanga uingie kwa adabu. Kamera huisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akaisogeza mpaka unadhani inataka kulibusu jiwe. Hapo ndipo hushusha pumzi, akatulia, na nyumba nzima tunatakiwa kutulia naye. Wifi yako aliwahi kufunga mlango wa jikoni kwa nguvu, picha ikatikisika, na siku hiyo chakula kililiwa bila mazungumzo.

Mara ya kwanza aliponiita nione, nilikwenda kwa kumridhisha tu. Alikuwa amepiga picha akiki nyekundu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, niliyoikata kwa mkono wangu. Nikaona mle ndani moshi unapanda, na mshipa mwembamba kama unywele umekuwa barabara ya kupita lori. Dada, nimekata mawe tangu ndevu hazijaota, sikuwahi kuingia ndani ya jiwe hata moja. Kimya nilimwambia kwamba siku zote nilijua vitu hivyo vimo, ila sikutaka kuvisumbua. Akasema ndiyo Mjomba.

Sasa nikufundishe kidogo ufundi wangu, ingawa nilikuachia shule darasa la sita ili wengine nao wapate nafasi. Jiwe hukatwa, likasagwa kwa maji mpaka likawa na mgongo kama nusu yai. Halafu hupita kwenye msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini. Mwisho kabisa hutiwa ngozi, yaani huzungushwa kwenye gurudumu lililovikwa ngozi yenye unga mwororo na maji kiasi, likasuguliwa mpaka likuonyeshe meno yako. Jiwe lisilotiwa ngozi ni bwana harusi asiyenyolewa. Halitoki kwangu. Mwalimu wangu wa ufundi angeniona nimelitoa, angenilaza kwenye gurudumu mimi mwenyewe.

Basi akatokea mama mmoja anayetengeneza vitabu vya shule, sisi tunamwita Mama Vitabu. Aliona picha mbili za Kimya kwenye duka linalouza mawe yangu, akaacha ujumbe kwamba atapita nyumbani kuona mawe yenyewe na mpigaji akiwa kazini. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpigia picha za kitabu kizima, cha mawe na udongo, cha kusomwa na watoto. Nikamwambia Kimya kazi ya kueleweka ndiyo hiyo imekuja yenyewe na viatu vyake. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Akichaguliwa, anabaki. Asipochaguliwa, cherehani ya shangazi ilikuwa inamsubiri, ikiwa na uzi tayari.

Akanijia karakanani na sinia la mawe. Akaniomba, kwa heshima zote, haya niyaachie kwenye msasa laini, nisiyatie ngozi. Akaeleza kwamba jiwe likiwaka sana linarudisha kila kitu, kamera ikilitazama inajiona yenyewe badala ya kuona mishipa. Nikasema sawa mwanangu. Midomo ilisema sawa. Moyo ulisema haiwezekani. Mgeni wa vitabu aje nyumbani kwangu, kwa Fundi Msasa mwenyewe, akute mawe yamefubaa kama nyayo za mvivu? Watu wangesema nini? Kimya alipokwenda kununua betri, nikayachukua yote nikayatia ngozi. Nikayatia kama siku ya mwisho. Lile jeusi ndilo nililolipendelea zaidi. Nilipomaliza lilikuwa linawaka hata nzi aliogopa kutua, akidhani yuko nzi mwenzake mle ndani mwenye hasira kuliko yeye.

Mama Vitabu akaja. Miwani mikubwa, viatu vya kutembelea, mkoba wenye karatasi. Kimya akafunua sinia mbele yake, akaona ule mng'aro, akanigeukia. Akajaribu moja, mkatokea kamera. Akajaribu la pili, mkatokea miwani ya Mama Vitabu. La tatu tukatokea sote, na wifi yako mlangoni ameshika sufuria. Mgeni akasema kwa upole kwamba yeye anatafuta mawe, watu anao wa kutosha.

Wifi yako aliniangalia kwa jicho ambalo lingetoboa akiki bila mtambo. Nikaona bora nijaze ukimya kwa maneno. Nikamsimulia mgeni habari za jogoo wa jirani aliyejiona kwenye jiwe langu, akapigana nalo asubuhi mpaka jioni, mwishowe akasalimu amri na kuliachia majike wake wote. Mama Vitabu akauliza jiwe lilifanya nini na majike. Nikasema liliwatunza vizuri. Wifi yako akanikatiza, akasema kama nina nguvu za kusema hivyo basi zitoshe kupalilia tuta la mchicha, maana mgeni angependa kuiona bustani, na magugu yamefika magotini. Nikatoka. Mimi simwogopi wifi yako, ila napenda bustani.

Bustani yetu huijui tangu tuipanue. Iko nyuma ya nyumba. Kuna mchicha, nyanya, maboga yaliyotambaa mpaka ukutani, na maua ya njano ambayo hayaliwi lakini wifi yako hakubali yang'olewe. Nikainama kwenye tuta langu nikaanza kazi. Mara Kimya naye akatoka na sinia la mawe. Hakunitazama. Akapiga magoti chini ya majani ya maboga, akalipanga jiwe moja kwenye udongo, akasogeza kamera, akashusha pumzi.

Wifi yako ndiye aliyenieleza alilokuwa analifanya. Kwamba binti alimwambia kwa sauti ndogo: kama mawe yanataka kurudisha kila kitu, basi tuyape kitu cha kurudisha. Mwanao huyo, dada. Nilimharibia kazi, akaugeuza uharibifu ukawa kazi. Aliegemeza akiki nyekundu kwenye mche, jani la mchicha likaingia zima mle ndani, na mishipa ya jani ikashikana na mishipa ya jiwe mpaka hujui ipi imepandwa na ipi imezaliwa ardhini. Nyanya moja ikageuka taa. Maua ya njano yakawa moto. Mama Vitabu alikuwa anatazama kwenye kile kioo kidogo cha kamera, kila picha anasema "ehee", na kila "ehee" inakuwa ndefu kuliko iliyopita.

Ndipo ikaja ile ya jiwe jeusi. Hiyo unayo kwenye simu, umeiona. Vilima viwili vya mviringo, vya rangi ya udongo, vimekaa bega kwa bega. Kati yake mto mwembamba mweupe unateremka. Juu anga inapambazuka, chini ukungu. Mama Vitabu alipiga kelele jirani wakachungulia. Akasema hii ndiyo ya jaladani, na papo hapo akaipa jina: Milima Pacha Alfajiri. Kimya alisema yeye hakuona mlima wowote, macho yake yalikuwa kwenye tone la maji lililokaa ukingoni mwa jiwe. Mama Vitabu akamjibu kwamba wapiga picha wazuri wako hivyo, hupiga wasichokiona. Mimi nikadakia kwamba milima ile nilikuwa nimeiona tangu jiwe likiwa kwenye msumeno, nikaikata kwa uangalifu ili nisiivunje.

Jioni ile ukapiga simu. Binti aliniwekea nisikie, maana na sisi tunajua spika. Ukasema sasa hii ni picha, hii hata mtu mzima anaielewa, kumbe mawe yana mambo. Ukasema abaki, afanye hicho kitabu. Ukaagiza nakala kubwa yenye fremu, uitundike sebuleni juu ya kiti kirefu, kabla wakwe wa kaka yake hawajaja. Dada, laiti ungemwona. Alikwenda chumbani akakaa kitandani na simu mapajani, anacheka peke yake bila sauti. Tangu aishike kamera hujawahi kumwambia kwamba umependa alichokipiga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa funga mlango, nimefika.

Siku chache baadaye alikwenda kwa mchapishaji wa picha kukutengenezea hiyo nakala. Kule wana kompyuta yenye kioo kipana kama meza. Picha ilipofunguka kwa ukubwa wake, akaona ule mto unaoteremka kati ya milima una mishono. Mto gani una mishono? Akasogea, akaona mlima wa kulia una kifungo. Akamwomba fundi asichape. Akarudi na nakala ndogo tu mkononi. Nilimkuta nyuma ya nyumba amesimama mbele ya kamba ya nguo, anaitazama picha, anaitazama suruali yangu ya kaki iliyokuwa inakauka, anaitazama picha tena.

Jiwe lenye mgongo wa nusu yai, likitiwa ngozi barabara, hukusanya kila kilicho mbele yake, cha karibu na cha mbali. Lile jeusi lilikuwa limenikusanya na mimi, kule kwenye tuta la mchicha, nimeipa kamera kisogo. Na kisogo chenyewe hakikuonekana, maana kilikuwa chini. Kilichoonekana ni kile kilichokuwa juu.

Dada, ile milima pacha ni mimi. Ni upande wangu wa kukalia. Mto ni mpasuko nilioushona kwa uzi mweupe, kwa mkono wangu, kwa kuwa sikutaka kumwomba wifi yako sindano nikapewa na maneno yake. Ukungu tu ndio wa jiwe. Na suruali, usije ukasema sikukwambia, ni ile aliyonipa shemeji alipoanza kunenepa. Kwa hiyo mlima ni wangu, lakini kitambaa ni cha nyumba yako.

Nilimwambia binti anyamaze, yeye si ndiye Kimya? Nikamwuliza nani atajua, milima haina mdomo. Siku hiyo akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake. Akasema mama amemkubali kwa mara ya kwanza, na amemkubali kwa sababu ya milima isiyokuwepo. Akasema watoto watafungua kitabu wakafundishwa kwamba jiwe lina milima, waende wakaitafute, na yeye hawezi kuwafanyia hivyo. Akasema kwa Mama Vitabu atakwenda yeye mwenyewe asubuhi amwambie. Kuhusu wewe akasema hivi, nakunukulia: "Aibu ni yako Mjomba, siwezi kuitoa mimi. Lakini sitamwacha mama aitundike ukutani." Nikaenda karakanani, nikasugua jiwe ambalo lilikwisha kung'aa.

Asubuhi nikamsindikiza. Ofisi ya Mama Vitabu ina vitabu mpaka juu ya kabati, na kiti kimoja cha mgeni, nikampa binti. Akaeleza kwamba ile si milima, ni kitu kilichokuwa nyuma yake kikaingia ndani ya jiwe, anaomba radhi, aiondoe jaladani. Mama Vitabu akauliza ni kitu gani. Kimya akanitazama. Pale, dada, mimi ninayeweza kumwuzia samaki maji, maneno yakaniisha. Na suruali niliyovaa, kwa kuwa nyingine zilikuwa majini, ilikuwa ileile.

Basi nikageuka tu, nikainama kidogo.

Yule mama alivua miwani, akaweka paji la uso mezani, mabega yakawa yanatikisika mpaka karani akaja kuuliza kama aite daktari. Alipopata sauti akasema mtu anayekuja kwa miguu yake kuitoa picha yake mwenyewe jaladani ndiye anayetaka kumkabidhi kitabu cha watoto. Kazi ni ya Kimya, kitabu kizima. Jaladani sasa litakaa jani la mchicha ndani ya akiki. Ile yangu itaingia kwenye somo la mwanga, na chini yake pataandikwa kwamba jiwe lililong'arishwa huakisi vitu vilivyo mbele yake. Nimeomba vitu hivyo visitajwe jina.

Sasa limebaki neno lako. Ulimruhusu abaki kwa sababu ya milima, na milima imeporomoka. Nakuomba, mimi ambaye huwa siombi, usiiondoe ruhusa yako kwa ajili ya suruali ya mdogo wako. Kama kuna wa kukasirikiwa, aliyeyatia ngozi mawe yale ni mimi, tena aliniomba nisiyatie. Yeye alichofanya ni kukuona wewe umefurahi, akakubali kuipoteza furaha hiyo kuliko kukudanganya. Darasani kwako mtoto wa namna hiyo ungempa viboko au ungemweka mbele wenzake wamwone?

Ndani ya bahasha hii kuna picha ya jani, ameichapa kwa makusudi, kwa ajili yako. Hiyo itundike. Wakwe wakae chini yake kwa amani. Nimeikagua kwa lenzi yake ya kukuza, pembe hadi pembe, sikio langu halimo, kidole changu hakimo, sina chochote mle ndani. Nyuma yake ameandika neno moja kwa mkono wake. Sikulisoma, na hilo ni kweli.

Msalimie sana shemeji, umwambie suruali bado imara isipokuwa pale anapopajua yeye. Wasalimie watoto wote na jirani, hasa wale wa spika. Wifi yako anakusalimu, anasema angekuandikia mwenyewe lakini kila akishika kalamu anaanza kucheka. Kimya anachungulia dirishani kila tarishi wa posta anapopita barabarani. Mjibu yeye kwanza, mimi baadaye.

Na jingine dogo, dada, kwa kuwa nimekwisha kuvuliwa nguo. Ile ya jiwe jeusi sikuitupa. Ni nzuri mno, kwa kweli mtu hajioni upande ule kila siku. Nimeitia fremu, nikaitundika karakanani mbele ya kiti cha wateja. Hutulia wakaisifu, wengine huuliza milima ile iko wapi. Nami huwajibu kwamba iko huku nyuma tu.

Ni mimi mdogo wako wa pekee,
Fundi Msasa